Siku Niliyomkaripia Mtemi

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa jumbe wakati wa Mdachi, hunitazama kwa jicho la pembeni. Najua wanachofikiri: kumbe na huyu alikuwa mtu wao. Na watazame. Sina aibu na ujumbe wangu hata chembe, na leo nitasema kwa nini.

Wenyewe sikuuomba. Ulinipata kwa sababu ya ulimi. Ujanani nilibeba mizigo ya misafara mpaka pwani mara mbili, nikarudi Ugogo na Kiswahili kilichowashinda wote pale kwetu. Askari wa kwanza walipokuja kuuliza nani mkubwa wa nchi, wazee walinisukuma mbele: huyu hapa. Mkubwa wetu wa kweli, mtemi, alikuwa ameegemea ukuta wa tembe akichonga mpini wa jembe, na hakuinua macho.

Tulikuwa na sababu. Mtemi wetu alikuwa na mwiko wa kuvuka mpaka wa nchi yake, maana akivuka mvua inaondoka naye. Mdachi naye alikuwa na tabia ya kuwaita wakubwa bomani. Mtemi wa jirani zetu aliitwa, akaenda na kigoda chake, na kilichorudi ni habari ya kifo chake. Basi tukakubaliana, wanawake kwa wanaume: mbele ya mgeni, mkubwa ni mimi, na mtemi ni mzee tu wa pale. Miaka mitatu tulilishika neno hilo. Nionyesheni leo kijiji kinachoweza kushika siri siku tatu.

Kisha akaja akida mpya, aliyetumwa na boma kutusimamia sisi majumbe. Mtu wa pwani, kanzu yake nyeupe mpaka unajiuliza anaifulia wapi katika nchi isiyo na maji, adabu tele, macho makali. Alifika asubuhi na askari wawili, akataka nimtembeze mashambani, mimi na yeye tu.

"Jumbe," akaniambia katikati ya uwele, "wewe si mwenye nchi hii."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Watu wako wanakusalimu kama wanavyomsalimu shemeji yao. Njia ya mwongo ni fupi, bwana." Akasema boma linamtaka mtemi mwenyewe, akakae kule chini ya macho yao. Nikimwonyesha, ujumbe utakuwa wangu kweli, na wa wanangu baada yangu, na askari wake watasimama nyuma yangu.

Sitawadanganya, nilitamani. Nilikuwa mtu wa ng'ombe wachache, wa ukoo ambao wazee hawakujisumbua kuutaja kikaoni. Nikajiona nimekaa, nikikohoa watu wananyamaza. Kwa hatua kama kumi hivi nilikuwa nimeshaiuza nchi moyoni. Halafu nikamkumbuka yule mzee. Miaka mitatu alikuwa analala usingizi akijua kwamba uhai wake umo kinywani mwangu, na hakuniapisha hata siku moja. Mtu aliyekuamini bila kiapo unamuuzaje?

"Mkubwa ni mimi," nikamjibu.

"Vyema. Basi leo nitakula pamoja nanyi. Chakula kikija, nitaangalia mkono wa nani unatangulia."

Hapo akawa ametupata. Kwetu hakuna mkono unaogusa ugali mbele ya mtemi kabla yeye hajaanza. Hata mtoto anayelia njaa anajua hivyo. Mambo ya salamu na ya mahali pa kukaa tulikuwa tumefundishana, lakini hili la chakula halikumjia mtu akilini, kwa kuwa maakida waliotangulia walikula peke yao kwa kuogopa sumu. Nami sikupata nafasi ya kumwonya yeyote, maana yule bwana hakuachana nami hata kidogo mpaka tukafika nyumbani.

Ugali ukaletwa katika bakuli kubwa la mti, na mlenda kando. Tulikuwa wanaume kumi, na akida, na mtemi amekaa ng'ambo yangu. Tukanawa. Akida akaweka mkono wake gotini, akatulia.

Mkono wangu ulikataa. Nauambia nenda, hauendi. Mwishowe nikaulazimisha, nikamega, nikachovya, nikatia kinywani. Mlenda kwa kawaida huteremka wenyewe, lakini siku ile tonge lilinikwama kooni.

Na hakuna aliyenifuata. Mikono yote ilibaki magotini. Wenzangu hawakuwa na nia mbaya, jamani, walikuwa wanamngoja mtemi kama walivyomngoja tangu kuzaliwa. Mtemi naye angefanya nini? Akinyoosha mkono wote watamfuata, na akida ataona. Macho ya akida yakaanza kupita uso mmoja baada ya mwingine, yakafika kwa mtemi, yakatua hapo.

Nikamgeukia mtemi wangu, mvua yetu, nikamkaripia kwa Kigogo, lugha ambayo akida, kwa kukaa kwake sehemu nyingine za Ugogo, aliijua vya kutosha kuelewa matusi. "We mzee, unangoja nini? Unakitumbulia macho chakula changu kama fisi aliyeshiba. Kula, au utoke nyumbani kwangu!"

Nyuma ya ukuta nikasikia mwanamke ameangusha kibuyu. Mtemi akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, baba. Nisamehe." Akamega, akala. Wengine wakashtuka, mikono yote ikaingia bakulini kwa pupa. Akida akanitazama kitambo, kisha naye akala. Jua lilipoanza kushuka alikuwa njiani na askari wake, na swali lile hakulirudia tena.

Alipopotea machoni nikaenda kupiga magoti mbele ya mtemi. Nilitegemea shukrani, kusema kweli.

"Kumtukana mtemi faini yake ni dume la ng'ombe," akasema. "Lete."

Hasira zilinipanda. Nilikuwa na dume mmoja tu. "Lakini nimekuokoa," nikasema.

"Umeniokoa. Na watu wote wamesikia mtemi akiitwa fisi. Nikiliacha hivi, kesho atanitukana mwingine ambaye hakuniokoa."

Nikaondoka bila kuaga. Nililitafuna neno lile mpaka likalainika, nikaona mzee amesema haki, na ndiyo maana yeye alikuwa mtemi na mimi jumbe. Kesho yake nikamleta dume wangu mwenyewe, kamba mkononi, kifua mbele, watu wamejipanga njiani wakitazama. Sijui wangapi wamewahi kulipa faini kwa maringo kama niliyokuwa nayo mimi.

Alichinjwa siku ileile, na nchi ikakusanyika. Nyama ikaiva, ugali ukaletwa, watu wakanawa. Tukamngoja mtemi aanze. Mkono wake ukabaki gotini. Tukaendelea kungoja, mpaka mtu mmoja akakohoa. Ndipo mtemi akanigeukia, mbele ya wazee wale wale waliokuwa hawautaji ukoo wangu, akasema neno moja tu.

"Anza."

Nikamega tonge. Yeye na nchi yake yote wakaningoja nimeze.