"Grave" Si Kaburi Tu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya hema pale Mangateen, mjini Juba, nilimzika mtoto aliye hai. Nilimzika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda na Kiingereza cha darasa la saba na kiburi cha chuo kikuu, nikaajiriwa mkalimani: daktari anasema Kiingereza, wewe unamgeuzia mgonjwa kwa Kiswahili au Kiarabu cha Juba. Daktari Mkuu, mgeni asiyependa kurudia neno, alimpima binti mdogo mwenye malaria, akaniambia hali yake ni "grave". Neno hilo si nalijua! Nikamwambia mama yake, "Pole, mama. Daktari anasema ni kaburi."

Mama akachomoa sindano ya dripu, akamfunga mtoto mgongoni. "Basi mimi naenda naye nyumbani. Hapana kufia kwa hema ya watu."

Sista wa zamu akamzibia njia. "Umemwambia nini huyu?" akanifokea. Nilipomweleza, alishika kichwa. "Wee! Hapo maana yake ni hali mbaya, ya hatari. Mbaya bado inatibika! Rudisha maneno yako, haraka!"

Nikapiga magoti. "Malesh, mama, nimekosa mimi, si daktari. Mtoto anaumwa sana, lakini dawa ipo. Nitukane mimi, mtoto waachie wao." Mama akamfungua mtoto, na Sista akarudisha dripu.

Nikanunua daftari. Kila neno gumu niliandika na maana zake zote, na Sista alinisahihisha wakati wa chai. Asubuhi ya tatu Daktari Mkuu akasema mtoto ni "stable". Mimi nilijua stable ni zizi, kama lile alimozaliwa Yesu. Safari hii niliuliza kwanza. Alicheka mpaka akavua miwani, akanieleza: hali imetulia.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mna kamusi kwenye simu, na maneno marefu mnayatema kama maganda ya karanga. Jifunzeni, nawapenda kwa hilo. Ila anayejua maana moja ni hatari kuliko asiyejua kitu, maana asiyejua huuliza.

Kama yule mama. Asubuhi ile ya tatu, tukiwa bado tunacheka, alinishika mkono. "Hiyo neno ya leo," akasema, "ni ya kuishi ama ya kufa?"

"Ya kuishi, mama."

Hapo ndipo alipolia.