Boksi la Bi Murase Lilirudi Tupu

Bi Hatsue Onodera hakuweza kuona karatasi ikitupwa bila kuionea huruma. Matangazo ya maduka yanayokuja ndani ya gazeti la asubuhi, kwake yalikuwa ngozi za wanyama ambao hawajazaliwa. Tangazo moja hulilaza mezani, akalikunja pembe kwa pembe, akachana ukingo uliozidi, mraba ukabaki. Kisha kucha ya kidole gumba hupita juu ya mkunjo, polepole, na kabla chai haijapoa pana nyangumi juu ya meza, ubavuni kaandikwa dagaa bei nafuu.

Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya chekechea hapa Takaoka, Japani. Kazi yake ilikuwa wali na supu. Lakini mtoto aliyeachwa mlangoni na mama yake, akalia mpaka sauti ikakauka, aliletwa jikoni, naye Hatsue akafuta mikono akamkunjia tembo. Hakumwambia anyamaze. Alimuuliza tu huyu tembo anaitwa nani, na mtoto anayetafuta jina hawezi kulia sawasawa.

Kisha akastaafu, mumewe akafariki, na jirani yake Yasuko, ambaye kila asubuhi alikuja kumsaidia kuwasengenya watu wa mtaa, akachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi Nagoya. Nyumba ya Yasuko ikafumba madirisha. Hatsue akaanza kuzungumza na birika.

“Birika lina adabu,” alimwambia Gonda, muuza mboga wa kona, “ila halina habari mpya.”

Vuli ilipoingia, nyumba ile ikafumbua macho. Akahamia Bi Tokiko Murase, mwanamke mrefu, mkimya, karani mstaafu, hana mume hana mtoto. Alipita nyumba kwa nyumba akiinamisha kichwa na kugawa taulo, kama impasavyo mgeni, kisha akajifungia. Hatsue alimtazama kupitia pazia akisafisha kizingiti chake, na moyo wake ukafanya kama mtu anayesogeza mto ili mwenzake apate pa kukaa. Alitaka mtu wa kunywa naye chai. Hakutaka zaidi ya hapo, wala hakutaka pungufu.

Ubao wa matangazo ya mtaa hupitishwa mkono kwa mkono, na baada ya Hatsue zamu ilikuwa ya Bi Murase. Basi Hatsue akambandika juu yake sungura wa karatasi, masikio wima, akagonga kengele, akamkabidhi. Bi Murase alimtazama yule sungura, akasema ni mzuri mno, akainama sana, akafunga mlango.

Kesho yake alikuja na boksi la mbao, jekundu, linalong'aa kama limetoka majini sasa hivi. Ndani mlijaa machenza.

Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hilo hata mtoto analijua. Hatsue akalirudisha boksi na achari ya figili aliyoitengeneza mwenyewe. Likarudi na majani ya chai, yale ya kunywa na wageni wa heshima. Hatsue akapika vikeki vya mchele na maharage matamu, akachagua visivyopasuka. Boksi likarudi na biskuti za duka kubwa la mjini, kila moja imevikwa karatasi yake kama bi harusi. Kila mara waliinamiana mlangoni, huyu akisema si kitu hiki, yule akisema umejisumbua bure, na kila mara mlango ulifungwa kabla neno la tatu halijapata pa kutokea.

Hatsue akaona biskuti zile zimemweka chini. Akanunua tikiti, la mviringo kamili, lenye kikonyo juu kama kofia, tunda ambalo watu wa Takaoka humpelekea daktari aliyewapasua wakapona. Akalifunga kwa kitambaa, akalipeleka, na lile boksi jekundu akabaki nalo kwanza, maana tikiti halikuingia.

Bi Murase alipolipokea, rangi ilimtoka. Alishukuru kwa sauti ndogo sana.

Baada ya hapo, kimya. Zamu ya ubao ilipozunguka kinyume, kama ifanyavyo kila mwezi, Hatsue aliukuta umetundikwa kwenye kitasa cha mlango wake. Kengele haikupigwa. Alisimama na soksi zake kwenye sakafu ya baridi, ubao mkononi, akajua amekimbiwa. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Walipokutana njiani siku ya kutoa taka, Bi Murase aliinama haraka akapinda kona ambayo haikuwa njia yake.

Gonda ndiye aliyelipasua jipu. Hatsue alikuwa akichagua kabichi, naye akamwambia bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu vyake kwamba jirani yake alifika jana kuuliza ni kitu gani mtu anaweza kutoa baada ya kupewa tikiti.

“Ukamwambia nini?”

“Nimwambie nini mimi? Nilimwambia, labda farasi.” Gonda akapanga vitunguu. “Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa mahakamani. Bi Hatsue, mtaua mtu kwa matunda nyie. Mwenye nguvu aache kwanza.”

Hatsue akarudi nyumbani bila kabichi. Akakaa. Alimkumbuka Yasuko, ambaye katika miaka yote ile hakuwahi kumpa kitu chochote zaidi ya maneno, na maneno yenyewe mengine ya uongo. Akaona alipopotea. Sungura hakuwa na uzito. Ndiyo maana alimtoa. Machenza yalipokuja yangetosha kuliwa na kusifiwa kwa maneno, yakaishia hapo. Lakini yeye aliyapima, akaongeza, na kila alichoongeza kilikuwa jiwe juu ya bega la mwenzake. Alikuwa anataka rafiki, na kumbe anamjengea ukuta, tofali tamu juu ya tofali tamu.

Akaliosha boksi jekundu, akalikausha kwa kitambaa laini. Kisha akalibeba mikononi hivyo hivyo, bila kuweka kitu ndani. Katika maisha yake alikuwa hajafanya utovu wa adabu kama huo. Theluji ya kwanza ilikuwa ikidondoka, nyepesi, na ile safari fupi ya mlango hadi mlango ilimfanya atokwe jasho.

Bi Murase alifungua, akaona boksi, mabega yakamshuka. Akalipokea kwa mikono miwili, akafunua kifuniko. Akatazama ndani. Akatazama tena, labda kuna kitu kimejificha pembeni.

“Halina kitu,” alisema.

“Halina,” alisema Hatsue. “Na wewe usinipe kitu, Bi Murase. Nakuomba. Jikoni kwangu hapana nafasi tena, na moyoni naona aibu. Mimi nilitaka tu tuongee.”

Theluji ikawaangukia viatu. Hatsue alidhani mlango utafungwa sasa, na safari hii utafungwa kabisa. Lakini Bi Murase aliketi pale pale kwenye ngazi ya ndani, boksi mapajani, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

“Kwa tikiti lile sikulala,” alisema. “Nililila kwa hofu. Lilikuwa tamu, lakini nililila kwa hofu.”

Hatsue akaanza kucheka, akajizuia, ikamshinda. Bi Murase naye akacheka, mkono mdomoni, kisha bila mkono.

Akasema kwamba siku ile ya sungura alitamani kumrudishia mnyama, karatasi kwa karatasi. Hakuweza. Yeye ni wa mkono wa kushoto, na mwalimu wake wa utotoni alimpiga vidole kila alipokunja kinyume na wenzake, hata akaiogopa karatasi. Ndipo akaona afadhali machenza.

“Alikuketisha wapi, huyo mwalimu?” Hatsue aliuliza.

“Ubavuni kwake, wapi tena?”

“Basi hapo ndipo alipokosea. Nipishe niingie, nikae mbele yako.”

Wakaketi wakitazamana, miguu chini ya meza yenye kipasha joto, gazeti la asubuhi katikati. Mkono wa kulia wa Hatsue ukaenda, wa kushoto wa Tokiko ukaufuata kama kivuli kwenye kioo. Mkunjo kwa mkunjo, kila mmoja na chura wake, wakitaniana. Hatsue alisema miguu ya chura huyu imetoka mirefu, ataruka mpaka Nagoya. Tokiko alisema afadhali aruke, kuliko wa Hatsue aliyekaa kama mwenyekiti wa mtaa. Na hapo hapo wakaanza kumsema mwenyekiti wa mtaa, kwa kirefu, mpaka dirisha likawa jeupe kwa theluji.

Chura alipokamilika, Tokiko akambonyeza mgongoni. Hakuruka. Alipinduka, akalala chali, miguu juu.

“Mzima huyo?” aliuliza Tokiko.

“Amepumzika tu.”

Tokiko akafanya kuinuka. Jikoni, alisema, kuna keki kidogo. Hatsue akamshika mkono wa nguo.

“Tokiko. Kaa.”

Akakaa. Akachukua karatasi nyingine, akaulaza mkono wa kushoto juu yake, akamtazama mwenzake, akingoja.