Kilio cha Chumba cha Tatu

Mwanangu wa kwanza nilimzaa tukiwa tumepanga Tandale, miaka ile ya foleni za unga kwenye duka la ushirika. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati; chetu kilikuwa cha pili, na tulikuwa na wiki mbili tu tangu tuhamie. Mume wangu alishinda kiwandani. Mama yake ndiye aliyetoka Masasi kuja kunihudumia.

Siku ya nne matiti yalijaa. Ziwa la kushoto likawa gumu kama jiwe, ngozi inang'aa, mtoto akishika anateleza, anaachia, analia. Homa ikanipanda. Mama mwenye nyumba alikuja kunitazama, akasema, "Hicho kijicho. Usimpe ziwa hilo mpaka nikuletee dawa."

Mama mkwe alingoja aondoke.

"Ukiliacha litafanya jipu," akaniambia. "Anyonye hilo hilo, mwanangu, tena mara kwa mara."

Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akalikanda, kisha akaanza kuliminya taratibu kutoka kwapani kuja mbele. Halikutoka hata tone. Nililia.

Ilikuwa saa saba mchana, nyumba kimya, wapangaji wenzetu wako makazini. Ndipo nikasikia kichanga kinalia ng'ambo ya ukuta, kilio chembamba, cha njaa. Wangu alikuwa amelala mapajani. Kabla sijasema neno, ziwa lilisisimka na maziwa yakachuruzika yenyewe, yakalowesha khanga.

"Mama, mle chumba cha tatu kuna nani?"

"Kimefungwa kufuli," akajibu bila kuniangalia. Akakinga kikombe. "Tulia, yatoke."

Ziwa lilipolainika pale mbele alimwamsha mtoto, akangoja apanue kinywa, akamsogeza kwangu mpaka akashika vizuri. Akanyonya. Baadaye aliniwekea kitambaa cha maji baridi na maumivu yakapungua.

Siku tatu ikawa hivyo. Kila mchana kilio, na maziwa yanashuka. Nilimwuliza mama mwenye nyumba. Akasema mpangaji wa chumba kile alizika mtoto wa siku tisa mwezi uliopita, akarudi kwao Rufiji maziwa bado yanamtoka. Ufunguo alikwenda nao.

Alasiri hiyo nilichungulia ukumbini. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa mbele ya chumba kile, anamimina kikombe cha maziwa yangu chini ya mlango, kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mtoto. Alipoinuka nikatazama sakafu. Saruji ilikuwa kavu.

Kilio hakikurudi tena. Homa ilikwisha, ziwa likapona bila jipu, na muuguzi wa kliniki aliniambia mtoto anaongezeka vizuri.

Arobaini ilipotimia nilimsindikiza mama mkwe kupanda basi. Nikajikaza nikamwuliza kama na yeye alikuwa anakisikia kile kilio.

"Nilikisikia tangu siku niliyofika, hujajifungua bado," akasema. "Ila wakati huo hatukuwa na cha kumpa."

Akapanda, akakaa upande wa pili wa basi, sikumwona tena usoni.

Mwaka uliofuata tulihamia Kipawa. Huko nilimzaa wa pili, na matiti yalipojaa niliyakanda mwenyewe kwa maji ya moto, mlango nikiuacha wazi ili nisikie sauti za watu uani.