Oili Iliyokuwa Ikipanda

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kijiji kizima cha Mwankoko kinasema Zefania Ntandu ndiye aliyeua mashine ya kusaga. Uongo mtupu! Nilikuwapo na debe langu la uwele.

Mashine ile ilikuwa mali ya kijiji. Enzi za ruksa, biashara huria ilipoingia, ikauzwa kwa Bwana Laurian, mfanyabiashara wa mjini, naye akamwacha Zefania aendelee kuwa fundi wake. Miaka kumi na minne, kila asubuhi kabla ya kuwasha, Zefania alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akapima. Injini ilikuwa imechoka, inakula oili, naye aliiongeza kila wiki.

Ndipo ikaja homa ya mibono, kila mtu akiipanda ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya injini. Laurian akaanza kununua dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mbono. Kweli, moshi ulipungua na injini ikatulia. Oili nayo ikaacha kupungua. Ikaanza kupanda!

"Unaona?" Laurian akachekelea. "Haya mafuta yanalainisha mpaka ndani."

Zefania akaisugua oili vidoleni, akainusa. "Bosi, injini haizai oili. Mafuta yanapita pembeni ya pistoni, yanashuka chini kwenye oili. Dizeli tupu ikishuka, sehemu yake hukauka kwa joto. Haya ya mbono yanabaki humo humo, oili inakuwa nyepesi, vyuma vinalana. Tuimwage, na tuwe tunabadilisha mapema."

"Nimwage oili iliyojaa? Wewe fundi gani?"

Na sisi tuliokuwa kwenye foleni tukaangua kicheko. Sisi watu wa kukamua alizeti, mafuta yakizidi tunamshukuru Mungu. Nani aliwahi kuyalalamikia?

Wiki ya tatu injini ikaanza kugonga, ikanoki, ikakwama kabisa katikati ya debe la mtu. Ilipofunguliwa, oili ilitoka nyepesi kama chai na beringi zilikuwa zimelika. Laurian akamfukuza Zefania mbele yetu, eti mzembe, hakutunza mashine. Wote tulikuwa tumeyasikia maonyo ya Zefania. Hakuna aliyefungua mdomo, na mimi nikiwamo. Naona aibu mpaka leo.

Injini mpya ilipofika, mafuta yalibaki yale yale ya mbono, ila Laurian alibandika ukutani amri yake mwenyewe: oili ibadilishwe mapema, nusu ya muda wa zamani. Maneno ya Zefania yale yale! Wala hakumwita. Alimleta fundi mwingine, Simeoni, kijana kutoka Mandewa.

Mwezi haukuisha, Simeoni akamfuata Zefania shambani. Nilikuwa napalilia jirani, nikasikia yote.

"Shikamoo, baba. Oili imeanza kupanda, na muda wa kubadilisha bado. Nifanyeje?"

Mimi ningemtimua. Zefania aliweka jembe chini, akamweleza taratibu jinsi ya kuisugua na kuinusa. "Ikinuka mafuta, imwage siku hiyo hiyo."

"Na bosi akikataa?"

"Imwage. Atakufukuza," Zefania akasema. "Majembe ninayo mawili."