Nimemlisha Aliyemsimamisha Mama Yangu Getini

Leo nimelipiza kisasi kwa sahani ya wali. Anayeona nina roho mbaya aandike hapo chini.

Nipo zangu saluni hapa Mwanjelwa, mvua inanyesha balaa, anaingia mama mmoja kalowa chapachapa, anaomba kujikinga.

Namwangalia vizuri. Mama Happy! Mwenye nyumba wangu wa zamani kule Iringa.

Huyu ndiye aliyemwacha mama yangu mzazi amesimama nje ya geti, kwenye baridi ile ya Iringa, kiroba cha mchele kichwani, mpaka niliporudi kutoka kazini jioni.

Eti, "Chumba nimekupangisha wewe, sio ukoo wenu."

Siku hizi hata hicho chumba sina. Bosi kaniruhusu nilale hapa hapa nyuma ya saluni, nguo zangu ziko kwenye begi.

Lakini mgeni ndiyo kashafika, jamani!

"Shikamoo mama. Karibu, kaa."

Kiti cha maana kipo kimoja, nikampa. Nikamfunika kitenge changu. Nikamnawisha mikono, nikampakulia wali na maharage. Wateja wote macho kwetu.

Kala tonge la kwanza tu: "Mwanangu, mchele mtamu huu! Wa wapi?"

Hilo swali nilikuwa nalisubiri.

"Wa Rujewa, mama. Kautuma mama yangu. Yule wa getini."

Tonge la pili likaishia njiani. Mashine ya kukaushia nywele mtu kaizima.

"Kula, mama," nikamwambia. "Hapa kwangu mgeni anakaa."

Akala huku anatazama sakafu, mpaka sahani ikaisha.

Nikamwongeza.