Mirathi ya Mlimani

Chuoni mwalimu wetu wa sheria alitusimulia habari za majaji wa kwanza wa shirikisho kule Marekani, waliopanda farasi mji hadi mji na kufika mahakamani wamelowa matope. Darasa zima tulicheka.

Baadaye mimi mwenyewe nikawa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Nilianzia Handeni, nikahamishiwa Korogwe, nikakabidhiwa mahakama mbili: moja bondeni, nyingine mlimani upande wa Dindira. Kule nilipanda kwa bodaboda. Mvua ikikata barabara, niligeuza, na watu waliodamka alfajiri kunifuata wakarudi makwao hawajasikilizwa.

Kesi iliyonikera kuliko zote ilikuwa ya mirathi. Mjane mmoja aliomba kusimamia mali ya marehemu mumewe, nyumba na shamba la chai. Shemeji yake akaweka pingamizi, kisha akawa haonekani. Mara anaumwa, mara amesafiri. Siku aliyokuja, mimi nilikwama njiani. Kila mara nikaahirisha.

Nje nilimwamkia yule mama shikamoo. Ndani yeye ndiye aliyesimama na kuniita mheshimiwa.

"Mheshimiwa, unamngoja nani?" aliniuliza siku moja. "Mimi nipo."

Nilitamani kugonga meza. Safari iliyofuata niliamua kusikiliza upande mmoja, na siku ya uamuzi nikamteua yeye kuwa msimamizi. Shemeji, ambaye siku hiyo alifika mapema kuliko wote, akasema papo hapo anakata rufani.

"Kwa hiyo nichume chai yangu?" mama akauliza.

"Wewe ndiye msimamizi, mama. Lakini rufani ikipokelewa, mahakama ya wilaya inaweza kusimamisha..."

"Nimeuliza habari ya chai, mheshimiwa."

Nilimweleza tena, kwa maneno marefu zaidi. Alifunga kanga yake kiunoni, akatoka kabla sijamaliza.

Kabla rufani haijasikilizwa, nilirudishwa Handeni. Miezi mingi baadaye nilikutana na karani wetu wa zamani stendi ya Korogwe. Akaniambia rufani ilitupwa, kwa kuwa shemeji hakutokea.

"Na yule mama?"

"Huyo? Alianza kuchuma kesho yake tu baada ya uamuzi wako. Hakumngoja mtu."

Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nilipanda basi nimenuna, kwa kuwa aliyekuwa akimngoja shemeji muda wote ule ni mimi.