Tuliomba Chumba cha Kujifungulia, Vikaja Vigingi vya Barabara

Habari admin. Naomba unifichie jina, maana huku kwetu mtu anatambulika hata kwa namna anavyoandika. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkulima wa migomba na kahawa, nina watoto watatu walio hai. Nilizaliwa kata ya Ndama, nikaolewa huku huku mpakani mwa Karagwe na Kyerwa, upande gani sitasema. Mume wangu ni mwenyekiti wa kijiji. Si mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na kanisani ndiye anayesoma masomo. Ndiyo maana haya ninayowaandikia sijamwambia hata mama yangu mzazi.

Zahanati yetu haina chumba cha kujifungulia. Mwanamke akishikwa na uchungu anapakiwa kwenye bodaboda kuteremka hospitali, na mvua ikinyesha ule mteremko ni utelezi mtupu. Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa njiani, kwenye kibanja cha watu nisiowajua, katikati ya migomba, mama mwenye kibanja amenishika mabega. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Tangu siku ile sikuwahi kulizungumza jambo hilo mbele za watu.

Ukafika wakati wa vijiji kupendekeza vipaumbele vya bajeti ya halmashauri. Siku ya kuamkia mkutano mume wangu alinikuta namenya ndizi, akaja akakaa karibu yangu, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema, "Mama watoto, kesho simama uwaeleze yaliyokupata. Wakisikia kutoka kwako, chumba cha kujifungulia kitakuwa cha kwanza." Nikamwambia siwezi. Akanisihi, "Fanya kwa ajili ya wenzako." Basi nikasimama. Nilisema yote, mpaka rangi ya kanga niliyomfungia mwanangu. Wanawake walilia, wanaume wakainamisha vichwa, na mume wangu pale mbele akatoa kitambaa akajifuta macho. Alipouliza wanaokubali, sikuona mkono uliobaki chini.

Bajeti ilipopitishwa diwani alikuja kutusomea miradi. Chumba hakikuwemo. Sisi tulipewa barabara. Watu wakaguna, mume wangu akasimama kuwatuliza: "Ndugu zangu, fedha hazitoshi, wakubwa wameona tuanze na barabara. Bila barabara huyo mjamzito atapita wapi?" Nikaona ana hoja, maana hata mimi kilichonichelewesha ni njia. Nilimtetea hadi kwa jirani yangu, nimwite mama Koku, aliyekuwa anasema hapa pana mchezo.

Shaka ilinianza walipokuja kuchomeka vigingi. Havikushuka kuelekea hospitali. Vilipanda mlimani, kwenye malisho ambako hakuna nyumba, vikaenda kukoma kwenye shamba la mikaratusi. Shamba hilo mume wangu aliniambia ni la binamu yake anayeishi Mwanza, yeye anamwangalizia tu. Nilikuwa huko nakata nyasi za kutandaza kwenye migomba, mpimaji mmoja akanisalimia kwa heshima.

"Shikamoo, mama mwenyekiti. Hongereni, barabara inafika mpaka shambani kwenu."

"Marahaba. Si kwetu, ni kwa binamu yake mwenyekiti."

Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Mbona mzee mwenyewe ndiye aliyetutembeza huku kiangazi cha mwaka jana, akatuonyesha na mpaka wake?"

Kiangazi cha mwaka jana! Mkutano wetu tuliukaa baada yake, mvua za vuli zimeshaanza. Nilitua mzigo wa nyasi nikakaa chini. Kama wapimaji walishaletwa kabla, mimi niliambiwa nisimame niseme ya nini? Ili ionekane wananchi tumeshirikishwa, kisha mwanangu niliyemzaa njiani awe sababu ya barabara?

Jioni wakati wa chakula nikamuuliza, "Hivi lile shamba la mlimani ni la nani?"

"Nilishakwambia."

"Na wapimaji walikuja lini mara ya kwanza?"

Akaacha kula, akanawa mikono. "Nani anakujaza maneno? Mama Koku?"

"Nimeuliza tu, waitu, mwenzangu."

"Basi mambo ya ofisi usiyaulize."

Tangu hapo simu anapokelea nje. Halafu amekuwa mpole kupita kiasi, ameninunulia kitenge ambacho sikukiomba, na mimi kila wema wake nautafutia sababu. Barabara ningeisamehe. Ila nikiyakumbuka yale machozi yake pale mbele, najiuliza kama alimlilia mwanetu au alikuwa anawaonyesha watu. Wakati mwingine najilaumu. Huenda yule mpimaji alichanganya majira, huenda binamu kweli ndiye mwenye shamba. Sina ushahidi wowote zaidi ya maneno ya mtu mmoja.

Sasa Jumamosi kuna mkutano mwingine wa kijiji. Mama Koku, ambaye binti yake ana mimba kubwa, alikuja na wanawake wenzake kunisihi niulize chumba kilikopotelea. Alisema, "Sisi tukiuliza tutaambiwa tuna wivu. Wewe hawawezi kukunyamazisha." Sijawaambia kuhusu mpimaji. Na jana asubuhi, kabla sijamgusia lolote kuhusu mkutano, mume wangu akaniambia, "Jumamosi usije mkutanoni. Kuna wageni wa halmashauri, baki uwapikie." Wageni hao siku zote hula kwa mtendaji. Nilipomuuliza kulikoni safari hii, alijibu tu, "Nimesema upike."

Kuku ameshawaleta mwenyewe, wamefungwa miguu jikoni. Mama Koku naye amesema ataniwekea nafasi ubavuni pake. Nikienda, namwaibisha baba wa watoto wangu mbele ya kijiji kizima, na pengine namwonea. Nikibaki, nitakuwa nawapikia watu ninaohisi wamelifanyia biashara kaburi la mwanangu. Ninyi mlio mbali na kijiji hiki, niambieni kwa moyo mweupe: Jumamosi nikae na sufuria zangu, au niende nikamuulize mume wangu mbele ya watu?